Kipa Aliyeziinamia Nyasi

"Hivi Sugako, mtu anaweza kupendwa na dunia nzima halafu akakosa wa kumpigia makofi?"

Jirani alimuuliza hivyo siku moja wakianika magodoro, naye Sugako akacheka tu. Jibu lilikuja kumkuta kwenye bafu lake la mtaa, watu wanakolipa kujiloweka maji ya moto, alasiri moja, wazee walipotoka majini wekundu kama kamba wa kuchemsha na kukaa benchini kunywa maziwa baridi. Yeye alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni, anakunja taulo. Alikwisha kuifukizia ubani picha ya marehemu mumewe, kama kila siku. Hakuwa na haraka.

"Tomo wetu kafikisha wafuasi milioni mbili mtandaoni!" Pweza, mzee aliyepewa jina hilo kwa upara wake unaofuka mvuke, alipunga simu. "Brazili wanamlilia! Kuna mmoja kajichora sura yake mgongoni!"

"Kipa wa akiba, timu ya daraja la tatu," alisema Redio, ambaye hakuna habari isiyopita kwake. "Na mechi moja aliyopewa kala sita."

"Nani ana shida na sita? Watu wanataka ile ya kuinama!"

Video ile hapana asiyeijua. Mechi ilipokwisha, Tomoharu aliinamia uwanja kuushukuru, kama wafanyavyo wachezaji wote wa kwao. Ila yeye, kwa aibu ya mabao sita, alikaa kainama mpaka mitambo ya kunyunyizia nyasi ikafunguka. Maji yakamtandika, hakutikisika.

"Mimi nilijua tangu zamani huyu nyota," Pweza alijigamba.

"Acha uongo! Si wewe uliyemwita Mlango Wazi?"

"Ule utani wa mapenzi, bwana!"

Pazia la upande wa wanaume likasogea. Tomoharu mwenyewe akatoka, nywele zinachuruzika.

"Mwanangu!" Pweza aliinua simu. "Hebu inama kidogo, wajukuu waone!"

Kijana hakuinama. "Mzee, Jumapili ni mechi ya mwisho. Kipa wetu kavunjika kidole, nitadaka mimi. Nikivurunda, klabu inataka nivue glavu kabisa, msimu ujao nibaki wa kuinamia kamera tu. Mtakuja?"

Wazee wote wakazama kwenye chupa zao za maziwa.

"Mgongo wangu huu na baridi hii..." alianza Pweza. "Nitakuangalia kwenye simu. Kule unaonekana vizuri zaidi!"

"Uwanja wenyewe mbali," alisema Redio.

"Uko nyuma ya soko, mzee."

"Ndiyo hivyo, nyuma. Halafu Jumapili Mama Sugako anatia malimau kwenye maji ya kuoga, yanukie. Mara moja kwa mwaka! Nani atakosa?"

Tomoharu akaitazama ndoo yake ya kuogea, kama mtu aliyeona mpira umeshampita.

Sugako akateremka kitini. Bafu lile hakulifunga hata wiki aliyomzika mumewe. Akachomoa kibao cha "Tumefunga" nyuma ya kabati, akakifuta vumbi kwa taulo, akakiegemeza mlangoni.

"Jumapili hatufungui."

"Mama! Na malimau?" Pweza nusura apaliwe. "Sasa sisi tukaoge wapi?"

"Uwanjani. Kule maji yananyunyizwa bure."

Tomoharu akageuka. Akamwinamia Sugako, chini kabisa, maji ya nywele yakidondokea mkeka wake. Alidumu hapo. Pweza akaisaka simu ampige picha: akapapasa benchi, akapapasa taulo, akapapasa hata chini ya Redio. Na alipoipata simu, kijana alikwisha kuinuka, kavaa viatu, katoka.