Simu Iliyouzwa Mara Saba

Constantin wa Katuba alikuwa na simu moja tu ya kuuza, na alikwisha kuiuza mara sita. Tusimwite mwizi, mwenyewe alijiita mfanyabiashara mwenye mali kidogo. Alikuwa anaiuza bila kartoni yake ya dukani, eti kartoni imelowa mvua, na ndani ya simu ameficha programu ya kumwonyesha kwenye ramani kila inapokwenda. Siku mbili baadaye, binamu yake Franck anabisha hodi kwa mnunuzi, kartoni mkononi, machozi tayari, kwamba simu hiyo aliibiwa. Namba za kartoni na za simu ni zilezile. Nani anataka kesi? Mnunuzi anairudisha kimya kimya.

Alipomwona Mama Kasonde soko la Kampemba, nyuma ya rundo la samaki wakavu wa Pweto, akihangaika na kasimu ka vifungo, Constantin alijua mara ya saba imefika. Akamuuzia. Kwenye ramani akaipa alama yake jina: Mama Samaki.

Lakini simu za siku hizi, jamani! Programu ikijaribu kufanya kazi yake chinichini, simu inaiua bila kuuliza, eti inatunza betri. Siku tatu alama ya Mama Samaki iliganda getini mwa soko. Nyumbani kwake hakukujulikana, na kwenda kumlilia palepale sokoni, Franck alikataa katakata. Wauza samaki wangemkausha.

Ikabidi Constantin arudi, macho kwenye ramani. Akamwambia mama simu yake inahitaji kurekebishwa kidogo, bure kabisa. Ukweli ni kwamba mambo ya betri aliyajua Franck tu, naye alikuwa anasubiri kwenye baa ya jirani.

"Beba," akasema Mama Kasonde. "Lakini unaniachia yako. Batengenezaji ba hapa banapoteaka na telefone ya bantu."

Constantin alisita. Yake ilikuwa kubwa, mpya, na riziki yake yote imo humo. Akajipa moyo kwamba itajifunga yenyewe baada ya nusu dakika. Akampa na ramani yake wazi.

Sasa, mtu anayeshinda akibonyeza samaki kuona kama wamekauka hana kidole cha kutulia. Mama Kasonde aliigusagusa ile ramani, akiishangaa, na simu haikupata nafasi ya kulala. Kule baa Franck akaondoa vizuizi vyote vya betri. Alama ikaamka. Mama Kasonde, ambaye hajanyanyuka kwenye kigoda chake, akamwona Mama Samaki yuko baa.

Akawaita wenzake wawili.

Walipoingia baa, wajanja walikuwa wanapongezana, simu mezani, kartoni pembeni. Mama Kasonde akalinganisha namba bila haraka.

"Kumbe mvua haikufikaka," akasema, akavitia vyote viwili kapuni. Franck alitazama mikono ya wale wanawake akaona afadhali amalize bia yake.

"Mama," akasema Constantin kwa upole, "na yangu?"

Mama Kasonde akaigeuzageuza ile simu kubwa.

"Hii iko yako?"

"Njo yangu, mama, yangu mwenyewe."

"Basi leta kartoni yake."

Constantin hakuwa nayo. Simu ile aliinunua kwa kijana mmoja mpole sana wa Katuba, aliyemwapia kwamba kartoni ililowa mvua.