Krimu ya Matunda kwa Futari ya Bi Huda

Jumatatu, 23 Februari

Joto. Makava ya simu yameanza kulainika mezani. Mimi pia. Mwaka wa pili huu nasimama juani Mtaa wa Sikukuu, utosi unawaka, wateja wanashika kava, wanalikunja, wanalirudisha, wanaondoka.

Lakini leo mambo yamegeuka! Bi Huda, mwenye duka la madera, anatoa kona. Kona yenyewe iko chini ya roshani ya ghorofa lake. Kivuli kuanzia asubuhi mpaka jioni, na friji la vioo ambalo mpangaji wa zamani aliliacha. Anataka mtu wa kuuza kitu baridi na kitamu, kwa sababu amechoshwa na kaimati zinazovuja mafuta kila magharibi, na anasema kwa joto hili hata kulitazama jiko ni adhabu. Ijumaa anafuturisha ndugu na majirani. Atakayeleta kitu cha kumpoza roho siku hiyo, kona ni yake.

Nilimpa shikamoo mbili. Aliitikia moja. Dalili njema.

Mpango: krimu ya matunda. Haipikwi, haiokwi. Biskuti zilizopondwa chini, krimu juu yake, maembe, kisha krimu tena. Niliiona kwenye simu ya mteja wakati namjaribishia kava. Mwisho wa video sikuuona, mteja aliondoka na simu yake. Lakini mwisho wa kitu kama kile unajulikana, watu wanakula wanafurahi.

Mshindani ninaye mmoja tu, Kijakazi. Tunapanga nyumba moja, mlango wake unatazamana na wangu. Anauza visheti. Ameniuliza kwa upole kama na mimi nitapeleka kitu Ijumaa. Nikasema sijaamua. Upole ule una jambo ndani yake.

Jumanne, 24 Februari

Krimu imenishinda. Kwa leo tu.

Nimeipiga kwa uma palepale mezani kwangu, jua limesimama kichwani, huku nauza. Kwenye video ilivimba ikasimama. Yangu ilikaa. Nikapiga kwa mkono wa kulia, nikahamia wa kushoto. Mteja akauliza kama ile ni rangi ya ukuta. Mwishowe ikagawanyika, siagi upande huu, maji upande ule.

Kijakazi akapita na beseni lake la visheti. Akasimama. Akasema krimu haipigwi kwenye joto, yenyewe iwe baridi kwanza na bakuli likae juu ya barafu. Nikamwambia hii ni siagi, nimeikusudia. Akasema sawa kaka Muhiddin, akaenda zake.

Muda si mrefu nikapata wazo la barafu. Wakati mwingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Jumatano, 25 Februari

Imesimama! Nimelipindua bakuli juu ya kichwa changu mwenyewe na haikudondoka hata tone. Beseni la barafu, kivuli cha uani, uma, mkono, subira. Nyeupe, nzito, inang'aa. Nilitaka kulia, na sioni aibu kuliandika.

Tatizo: nani aonje? Mimi nimefunga. Nasikia mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi halafu akatema. Naujua ulimi wangu. Hauishii kwenye ncha.

Nikamwita Vitalis, jirani wa chumba cha uani, fundi cherehani kutoka Songea. Mkatoliki. Nikampa kijiko kimejaa. Akakitazama muda, akameza mate, akanirudishia. Akasema mwaka huu Kwaresma yao imeingia wiki moja na mfungo wetu, na yeye ameacha sukari mpaka Pasaka, hata chai anatia chumvi. Nikamwambia kijiko kimoja Mungu hawezi kukiona. Akasema ndicho anachokitazama hicho hicho. Basi akaomba anuse. Akanusa amefumba macho, hataki kuondoka, mpaka nikamwondolea bakuli. Akatoa hukumu kwamba inanukia vizuri.

Nyumba nzima haina mtu wa kuonja. Waislamu tumefunga, Mkristo kafunga, paka wa mwenye nyumba simwamini.

Nikaificha chini ya kitanda ili Kijakazi asiione. Chumba changu ni cha bati bila dari. Ilipoadhiniwa magharibi nilifuturu kwa supu nyeupe ya maembe. Ilikuwa tamu! Ila nikaanza kuwaza. Krimu na maembe, hata Kijakazi anaweza. Lazima pawe na kitu cha kuwafanya watu washike vifua.

Nanasi.

Alhamisi, 26 Februari

Nimeamkia sokoni. Nanasi nimelichagua mwenyewe, nikalinusa kitakoni, nikaligonga, mwuzaji akaniuliza kama nalioa. Nimelimenya uani, nikalikata vipande vidogo, maji yanachuruzika mpaka kwenye viwiko. Nikapanga kibakuli kimoja cha majaribio, nikakizungushia barafu, nikionje magharibi.

Kijakazi alikuwa anafua. Akaona maganda. Akakausha mikono, akaja mpaka nilipo, akasema nanasi bichi na krimu havikai pamoja. Likitiwa tu ni tamu, lakini likishinda humo krimu inageuka maji na inakuwa chungu. Akasema nilichemshe kwanza, lipoe, ndipo nilitie.

Nichemshe nanasi! Kwenye joto hili! Kitu ambacho sifa yake yote ni kutopita jikoni! Nikaelewa kila kitu. Anataka krimu yangu ipate moto iyeyuke, yeye apite na kona. Nikamshukuru sana, nikamwombea dua kabisa. Halafu nikaenda kununua nanasi la pili.

Kibakuli sikukiacha nyumbani kwa adui. Nilikwenda nacho kazini na barafu yake. Mchana Ramadhan akaegesha mkokoteni wake mbele ya meza yangu. Ramadhan huyu, pamoja na jina lake, ni kobe. Anakula mchana kwa siri, na mtaa mzima haujui isipokuwa mimi, kwa sababu chini ya meza yangu ndiko anakojificha. Akauliza kwenye bakuli kuna nini.

Mwonjaji! Siku zote nilikuwa naye miguuni pangu!

Nikamwambia kijiko kimoja, anipe hukumu ya haki. Akaingia chini ya meza, nikashusha kitambaa. Nikasikia kijiko kinagonga, kinagonga, kinakwaruza. Alipotoka, bakuli lilikuwa limelambwa. Akaapa hajawahi kula kitu kitamu namna ile tangu azaliwe. Nikamuuliza kama kweli ana uhakika. Akaniuliza kama imebaki nyingine.

Kwa hiyo magharibi sikuonja chochote, na barafu imeisha. Hainisumbui. Hukumu ninayo. Jioni nimepita kwa mchora mabango nikaagiza kabisa: "Muhiddin Krimu Baridi", maandishi ya bluu, embe upande huu, nanasi upande ule.

Ijumaa, 27 Februari

Asubuhi. Nimemaliza! Bakuli kubwa la kioo, la kuazima. Biskuti, krimu, embe, nanasi, krimu, tena nanasi, mpaka ukingoni. Linapendeza mpaka linaumiza macho. Limekaa kwenye barafu, nami nimekaa pembeni yake. Kazini siendi. Leo ni siku yangu.

Baada ya futari. Sijui nianzie wapi.

Tulikaa kwenye mikeka barazani kwa Bi Huda. Alikuwepo Mzee Azzam, kaka yake. Vitalis naye alialikwa, yuko na bakuli lake la uji wa pilipili manga usio na sukari. Ramadhan alikuja na kanzu safi, midomo kaikausha, anasogea taratibu kama mtu aliyefunga tangu mwezi uliopita. Kijakazi alileta kisahani cha tende zilizopondwa, krimu juu, vipande vichache vya embe. Kidogo, kimya, kinafanana naye.

Adhana. Tende, maji. Bi Huda akasema anaanza na la Muhiddin, maana tangu liingie macho yake hayajatulia. Nusura nisimame niiname.

Akala kijiko. Akameza, kwa sababu ni mtu wa heshima zake. Akamsogezea kaka yake. Mzee Azzam akala, akafikiri, akaniuliza kwa upole kabisa kama hii ni ya malaria.

Nikaonja. Chungu! Chungu ya kuzibia pua! Na nilipotia kijiko ndani zaidi nikakuta krimu imekuwa maji na vipande vya nanasi vinaogelea.

Ningeweza kunyamaza. Ningeomba radhi, wangecheka kidogo, yangeisha. Lakini nilimwona Kijakazi ananitazama kwa huruma, na huruma ile sikuiweza. Nikasimama. Nikasema haiwezekani, hapa kuna mkono wa mtu, krimu hii hii ilikuwa tamu na shahidi ninaye amekaa palepale. Nikanyoosha kidole. Muulizeni Ramadhan, jana mchana kala bakuli zima!

Nilipofika kwenye neno mchana nilishajua. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Mikeka yote ikamgeukia Ramadhan, sambusa iko mkononi, nusu ya njia kwenda mdomoni. Akasema alikuwa safarini, na msafiri ana ruhusa ya kula. Bi Huda akamuuliza safari ya wapi. Akasema Mchikichini, ambako ni mwendo wa miguu tu kutoka pale.

Mzee Azzam akaanza kukohoa. Alikohoa sana, mabega yanatikisika, mpaka akaomba ndugu zake wampishe akanawe uso. Bi Huda hakucheka. Aliniangalia mimi, si Ramadhan. Akasema, "Na wewe mwanangu ndiye uliyempakulia."

Kona amepewa Kijakazi.

Jumamosi, 28 Februari

Jua. Habari imeshafika mtaani, wateja wananiuliza na mimi nasafiri lini kwenda Mchikichini. Ramadhan hasemi nami, na amepitisha mkokoteni karibu sana na vidole vyangu vya mguu. Bango limeletwa, limechorwa vizuri kupita kiasi. Nimeligeuza, nimetandika makava juu yake.

Naandika ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilikitaka kile kivuli. Nilishapaona mahali pa kuweka kiti. Nilishawaza nitakavyokuwa naitikia salamu za watu nimekaa, sijakunja uso kwa jua. Leo nimepita pale, nimeangalia upande mwingine.

Nimechunguza nani aliniharibia. Nimefikia muuza barafu. Alinipa barafu huku anatabasamu, na si kawaida yake.

Jumapili, 1 Machi

Kijakazi amebisha hodi asubuhi. Anasema hawezi kuuza na kupiga krimu peke yake, kwamba mkono wangu una nguvu, na kona inatosha watu wawili. Akasema nilete na makava yangu, yataharibikia bure juani. Ijumaa hakuitaja hata kwa mbali. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeshinda kivulini leo! Siku nzima! Upepo unaingia kutoka uchochoroni, unapita shingoni. Kava hata moja halijapinda. Nimepiga krimu ikasimama, na kabla ya adhana watu walipanga mstari mpaka duka la pili. Bi Huda alipita, nikamwamkia, akaitikia, akasimama kidogo. Kijakazi alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo. Ni mtu mwema. Wiki nzima nilimdhania vibaya, na ninaliandika hapa ili nisije nikalisahau.

Kasoro yake ni moja, hana uthubutu. Maembe tu, kila siku maembe, na msimu wenyewe unaishia. Kesho anashinda Buguruni kutafuta tende, na ameniachia ufunguo wa friji. Bi Huda ameagiza mabakuli ya krimu kwa ajili ya wageni wake wa kesho, masheikh kutoka msikitini, ili waone alivyochagua mtu sahihi wa kona yake. Kijakazi ameniusia nitie embe peke yake. Amesema papai hasa nisilitie likashinda humo, lina tabia zilezile za nanasi. Nikamwambia ondoa wasiwasi dada yangu.

Nimeshanunua mapapai. Makubwa, mekundu ndani, yameiva mpaka yananata vidoleni. Nanasi lilikuwa na uchachu, hilo nakubali, na mtu mzima lazima akubali kosa. Papai halina uchachu wowote. Mwonjaji safari hii simhitaji, papai nimelijua tangu utoto. Nitalitia alfajiri, mabakuli yote, lishinde humo linaingia taratibu mpaka magharibi. Kijakazi amenitendea wema mkubwa, na kesho nitamlipa kwa jambo ambalo hatalisahau maisha yake yote.