Chuma Kigumu Kumshinda Wekulo

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Mugo, mwenyekiti wa banda letu hapa Shauri Moyo, amesema mashine ya presi ni moja na mafundi tuko wawili, mimi na Wekulo. Jumamosi kila mtu alete kalibu yake ya kukandamiza bati bila moto, litoke kifuniko cha birika. Kalibu itakayodumu, mwenyewe abaki na presi. Mwingine arudi kugonga nyundo nje, juani. Na mgongo wangu huu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemtuma Asenath wa chai akampeleleze. Anasema Wekulo anachonga springi kuukuu ya lori. Springi! Kitu cha kupindapinda! Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikaogopa. Mbona ametulia hivyo?

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata chuma cha kalibu! Ringi ya beringi ya trekta, kutoka soko la Gikomba. Nimeipiga tupa, tupa ikateleza tu. Hicho ndicho chuma! Lakini sina amani. Je, Wekulo naye akipata kigumu zaidi? Basi nimeipasha mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye barafu ya Sally wa samaki. Sally amenitukana, samaki wake wameiva nusu.
Wekulo akapita, akaniambia niipashe tena moto kidogo, ipoe polepole, isije ikapasuka. Ati! Anataka kunilainishia chuma. Nimemwambia asante sana, Bwana Wekulo. Sikuipasha.

Jumamosi, 8 Machi
Woi. Kifuniko cha kwanza, safi! Nilimkonyeza Asenath. Cha pili, pwaa! Ringi vipande vitatu, kimoja kwenye uji wa Mzee Mugo. Springi ya Wekulo ilitoa vifuniko mpaka bati likaisha. Nimelia kidogo nyuma ya choo.
Wekulo alinifuata. Alisema chuma changu kilikuwa kigumu lakini hakivumilii, na kugongwa kunataka uvumilivu. Akanipa kipande cha springi kilichobaki. Mzee Mugo naye amekubali nijaribu tena Jumamosi ijayo. Mtu mzuri, Wekulo. Nimeshindwa kulala, nikimfikiria.

Jumatatu, 10 Machi
Juani. Mgongo unawaka. Lakini leo nimeelewa kosa langu: beringi ile ilikuwa ya trekta dogo! Nimeenda Gikomba saa ya chakula, nikabadilishana ile springi ya Wekulo na beringi ya tingatinga. Tupa haiigusi kabisa!
Sally amekataa kuniuzia barafu. Nitamtuma Asenath.