Ua la Pasheni Lilipokataa Kufumbuka

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya Padre.

Mnajua navyoutamani ukatekista. Miaka miwili nimekuwa msaidizi tu. Leo Padre alitaka nifundishe darasa la kipaimara baada ya misa ya pili, yeye amekaa nyuma anasikiliza. Nikifaulu, nafasi ni yangu. Wiki nzima sikulala vizuri.

Somo lilikuwa Mateso ya Bwana. Nikapata wazo (la shetani, sasa najua). Tunda la pasheni limepata jina kwa neno la Kilatini la mateso. Wamisionari wa kale waliliangalia ua lake wakasema: nyuzi hizi ni taji la miiba, hivi vitatu vya juu ni misumari, vile vitano ni madonda. Nikautangazia mtaa wetu mzima wa Ziwa la Ng'ombe kwamba Jumapili nitawaonyesha.

Mpasheni uko ukutani kwa jirani yangu, Bi Rehema. Alfajiri nikanyoosha mkono, nikachuma ua moja. Kubisha hodi niliona haya (nimsumbulie nini mtu mzima?). Lilikuwa limefumba. Nikajipa moyo kwamba jua likitoka litafunguka.

Saa sita kasoro, darasani, bado limefumba. Nikaeleza Kilatini. Nikalichungulia. Nikaeleza Kilatini tena. Jasho! Nikajaribu kulifungua kwa ukucha, likachanika. Msichana wa mbele akauliza misumari iko wapi. Nikamwambia heri wasioona wakaamini. Padre akakunja mikono.

Saa sita na kitu, hodi mlangoni. Bi Rehema na buibui lake, mkononi ua la pasheni limefumbuka lote, taji na misumari. Akamwamkia Padre, kisha akanigeukia kwa upole ulionimaliza kabisa.

"Mwanangu, ulipolichuma alfajiri nilikuwa dirishani, ndio kwanza nimemaliza kusali. Ungalibisha hodi, ningalikwambia. Ua hili hufumbuka adhuhuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Padre akasimama taratibu, akaliuliza darasa amri ya saba inasemaje.

"Usiibe," wakajibu wote kwa sauti moja.

(Amri hizo niliwafundisha mimi, tena kwa wimbo.)

Ukatekista umeahirishwa. Bi Rehema amenisamehe, ila kanikabidhi kopo: nimwagilie mpasheni wake mpaka Pasaka. Anayetaka kucheka acheke leo. Kesho alfajiri nabisha hodi.