Ngamia Thelathini Marehemu

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Uratibu wa Kidijitali wa Mifugo, Garissa, iliutangazia umma kwamba mfumo wake wa vibali umeandikwa kwa lugha tatu za kompyuta, na kwamba zote tatu zitakaguliwa kwa haki sawa. Tangazo lilibandikwa langoni likiwa na mihuri minne. Muhuri wa tano uliishiwa wino.

Keynan alilisoma akiwa amesimama juani. Aliacha shule darasa la saba, kompyuta alijifundisha mwenyewe kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu sokoni, na karatasi ndefu zilimchosha. Alikuja kwa jambo moja. Ngamia thelathini wa shangazi yake, Eeddo Saado, walikuwa wamekwama Balambala kwa sababu mfumo ulisema wamekufa. Mnunuzi alikuwa anaondoka na lori zake Alhamisi. Leo Jumatatu.

"Wamekufa namna gani?" Saado, aliyekuja naye, alimuuliza karani wa dirishani. "Asubuhi nimewakamua."

"Mama, mfumo unasema marehemu. Marehemu hapewi kibali cha kusafiri."

"Na maziwa?"

"Maziwa hayahitaji kibali."

Ndani, ukaguzi ulikuwa umepamba moto. Huku hakuna kiti kinachokaliwa kabla koo hazijakaa chini zikagawana vyeo, na ofisi ilitumia busara hiyohiyo. Lugha ya Python ina mistari mingi, ikapewa uenyekiti. Java ikapewa umakamu baada ya kutishia kutoka mkutanoni. PHP, yenye mistari michache, ililalamika kwamba inabaguliwa, ikapewa kamati ya chai. Kila lugha ilileta mkaguzi wake, na mkaguzi kuchungulia lugha ya mwenzake ilikuwa marufuku. Hiyo ingevuruga amani.

Kufikia Jumanne ripoti zilikuwa mezani kwa Mkurugenzi Abdille. Python safi. Java safi. PHP safi, na chai ilitosha.

Keynan akaomba kuona huo mfumo wenyewe. Akausoma wote, mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Ilimchukua dakika kumi.

"Adeer," alimwambia Mkurugenzi, kwa heshima ya kumwita ami, "Python inaandika umri kwa miezi, inaipa Java. Java inadhani ni miaka. Ngamia wa miaka saba anafika kule na miaka themanini na nne. Java inaona amepita arobaini, inamzika."

"Kwa hivyo Python imekosea."

"Hapana. Miezi imehesabu sawa."

"Java basi."

"Hapana. Ngamia wa miaka themanini na nne amekufa kweli."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Katikati. Pale zinapopokezana. Nipe dakika tano nigawe kwa kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Lugha ni tatu." Abdille alimwangalia kwa huruma. "Na hapo katikati ni kwa nani?"

"Si kwa mtu."

"Kosa lisilo na mwenyewe halipo, walaal, ndugu yangu. Mpaka ukiguswa, pande zote mbili zinaita wazee wao. Unataka vita ofisini kwangu?"

Jumatano, kuonyesha imani yake, Abdille aliita waandishi wa habari, akaamuru mfumo umsajili yeye mwenyewe mbele ya kamera. Karani akajaza fomu. Jinsia, dume. Rangi, kahawia. Umri, hamsini na mbili. Kwenye aina ya mnyama, Mkurugenzi alichagua ngamia, maana mbuzi haikumfaa mtu wa cheo chake.

Mfumo ukafikiri kidogo. Ukaandika: marehemu.

Kamera hazikuzimwa. Abdille akamvuta Keynan kando.

"Gusa mpaka," alisema.

Keynan aliandika mstari mmoja. Ngamia thelathini wa Saado wakarudi duniani pale pale kwenye skrini, na kabla ya magharibi shangazi alikuwa na kibali mkononi.

"Na mimi?" Abdille aliuliza. "Mbona bado?"

"Sasa umri wako inausoma vizuri, adeer. Hamsini na mbili. Ngamia hafiki huko."

"Toa hiyo arobaini."

"Arobaini iko ndani ya Java. Ile ina mwenyewe."

Mkaguzi wa Java akasimama na ripoti yake yenye mihuri. Java ilishakaguliwa, ikapatikana safi. Kuigusa tena kulihitaji sahihi ya Mkurugenzi, na sahihi yake mfumo ulikuwa umeshaifunga, kwa heshima ya msiba.

Alhamisi asubuhi, Saado akipandisha ngamia wake kwenye lori Balambala, afisa wa afya ya mifugo aliingia ofisini Garissa na vibarua wawili wenye majembe. Alikuwa na barua ya mfumo: mzoga mmoja, dume, kahawia, uzikwe mbali na kisima ndani ya saa ishirini na nne. Akamkuta Abdille kitini kwake. Akaisoma barua tena, akatazama saa.

"Mzee," alisema, "mimi nafuata karatasi tu. Utatembea mwenyewe ama tukubebe?"