Cheti cha Paka Asiye na Mkia

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha duka la mapazia, kwa mwandiko safi wa mtu aliyesoma enzi za kalamu ya wino: "Natafuta paka mwenye manyoya marefu, asiye na mkia. Nitalipa vizuri."

Msomi alilisoma mara mbili, kisha akavua miwani yake isiyo na vioo na kuipangusa kwa heshima zote. Jina la Msomi alijipa mwenyewe, mwaka ule ule alioacha shule. Tangu hapo alikwishauza mengi: dawa ya kuotesha nywele ambayo ilikuwa chai ya rangi, viwanja vilivyokuwa katikati ya mto, na redio mbovu aliyoisifu mpaka akaamua kubaki nayo. Lakini safari hii alikuwa na haraka. Dada yake mkubwa, mshona sare za shule aliyempa chumba cha uani, alimwambia asubuhi ile huku pini zikiwa mdomoni, "Mwisho wa mwezi, mdogo wangu. Kazi ya halali, au ufungashe virago."

"Mtu anayetafuta paka asiye na mkia," Msomi akajiambia, "huyo ameumbwa ili mimi nile."

Na paka alimjua. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, baina ya masanduku ya misumari na makopo ya rangi, aliishi kiumbe kimoja cha kijivu chenye manyoya kama fagio lililonyeshewa. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Mlango ulimbana?" Msomi aliuliza.

"Kazaliwa hivyo hivyo, chini ya kaunta," alijibu mwenye duka. "Mama yake alikuja ndani ya sanduku la vigae vya ng'ambo. Mchukue, ndugu yangu, utakuwa umeniokoa. Wateja wanalalamika, manyoya yamejaa kwenye gundi."

Msomi hakuyatilia maanani maneno hayo. Moyoni alikwishaamua kuwa hakuna duniani aina ya paka wasio na mkia, na kwa hiyo ataibuni yeye.

Siku nne alimwandaa. Alimwogesha kwa sabuni ya dada yake, akamchana kwa kitana cha dada yake, akaficha vyote viwili. Manyoya yalisokotana makwapani na nyuma ya mapaja, na kila alipovuta kwa pupa alipigwa kofi la makucha. Akajifunza kufumbua fundo kwa vidole kwanza, kuanzia nchani, ndipo apitishe kitana. Paka mwenyewe alikuwa na vituko. Miguu yake ya nyuma ilikuwa mirefu kuliko ya mbele, akikimbia anarukaruka kama sungura. Alijua kufungua kabati. Msomi akitupa karatasi iliyofinyangwa, paka anaifuata na kumrudishia mkononi. Mara ya kwanza Msomi alicheka. Mara ya ishirini alikumbuka kwamba yuko kazini.

Mpaka hapo mambo yalikuwa safi, na mtu mwenye akili za kawaida angeishia hapo. Msomi hakuwahi kushutumiwa kwa akili za kawaida. Alikwenda kwa mpiga chapa wa mtaa wa nyuma, akaagiza cheti cha ukoo chenye mhuri wa duara na nembo ya dhahabu.

Siku ya tano aliingia dukani, kikapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwenye duka la mapazia alikuwa mama mfupi, mnene, mwenye futi ya kupimia shingoni. Kikapu kilipofunguliwa, mkono wake ulikwenda kifuani. "Mtue hapa mezani."

Msomi akaanza kumwaga sera. "Mama, paka huyu ni wa uzao wa kifalme, visiwa vya mbali..."

"Ana miezi mingapi?"

"Saba, mama."

"Vizuri. Hawa mtu hachukui kabla ya miezi minne, maana ugonjwa wa uti wa mgongo hujitokeza mapema." Alipitisha kidole mgongoni mpaka mwisho, pale palipokuwa na kibonyeo kidogo, akabonyeza taratibu huku akimtazama paka usoni. "Haumii. Mkojo anaweza kuuzuia? Choo anakwenda vizuri?"

"Kuliko mimi, mama."

Alimshusha chini, akamtazama anavyotembea, akamwita, akamrushia kipande cha kitambaa. Paka akakirudisha. Mama yule aliinua kichwa, macho yakiwa yamelowa. "Nimemtafuta wa aina hii miaka kumi na moja."

Msomi alikaribia kumwonea huruma. Bahasha nene ilitoka kwenye droo. Ndipo, kwa mbwembwe, akakitandaza cheti juu ya meza.

Mama akavaa miwani. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Mwanangu, hapa pameandikwa, 'Rangi ya pembe: haijabainika.'"

Msomi aliinama kuusoma mstari huo mwenyewe.

"Na hapa, 'Lita za maziwa kwa siku: kulingana na msimu.'"

Mpiga chapa, alivyo mvivu, alikuwa amenakili cheti cha ng'ombe.

"Mama, ni... ni mfumo wa kimataifa..."

"Paka ni wa kweli," mama alisema polepole. "Wapo, nina kitabu chao. Ungekuja na paka peke yake, bahasha hii ingekuwa yako. Cha uongo hapa ni karatasi, na wewe mwenyewe. Afande wa kituo cha polisi anakuja saa sita kuchukua mapazia yake. Paka umemtoa wapi?"

"Duka la vifaa vya ujenzi," Msomi alijibu. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijibu swali moja kwa moja.

"Basi bahasha ni ya mwenye duka hilo. Cheti nitabaki nacho. Na wewe, kwa kuwa vidole vyangu vina baridi yabisi na huyu anataka kuchanwa mara mbili kwa wiki, utakuja kila Jumatano na Jumamosi."

Jumatano alikwenda kwa hofu. Jumamosi akaenda kwa sababu ya fundo la kwapani lililomkosesha usingizi. Wiki iliyofuata alifika Jumanne.

Siku ya mwisho wa mwezi dada yake alimkabili uani. "Unakwenda wapi kila siku umepiga pasi?"

"Kumchana paka asiye na mkia. Bure."

"Hata uongo siku hizi umekushinda!" Akavaa viatu, akamfuata.

Alimkuta Msomi ameketi sakafuni, koti limejaa manyoya, akimweleza mteja asiyemjua namna ya kukagua uti wa mgongo kabla ya kuchagua paka, huku mama wa mapazia akimsimulia dada mkasa wote, kuanzia pembe hadi maziwa. Dada alicheka mpaka akakalia jora la kitambaa. Alipopata pumzi, alijifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu," alisema. "Chumba chako kipo. Mtu aliyejitapeli mwenyewe namna hii hana nguvu ya kumtapeli mwingine."