Malka ya Nyaya

Jumatatu, 15 Machi 1999

Leo nimezaliwa upya. Kuanzia saa nne asubuhi mimi si keateka tu, mtunza nyumba wa ghorofa la Shangazi Nuriya. Mimi ni Mkurugenzi wa Nyaya. Cheo nimejipa mwenyewe, maana hakuna mwingine hapa Garsen aliyekuwa na wazo la kunipa.

Mambo ni hivi. Chini ya ngazi kuna kimlango cha mbao. Nyuma yake kuna bomba moja lililojengewa ndani ya ukuta, kutoka chini hadi juu. Waya wowote unaotaka kufika vyumbani lazima uingie hapo. Njia nyingine hakuna, labda utoboe ukuta, na ukuta wa Shangazi hautobolewi. Nimekaa na kimlango hicho miaka mitatu, tangu nilipotoka Kipini, nikikitumia kuwekea mafagio. Miaka mitatu! Mafagio!

Nimenunua kufuli. Nimenunua na dishi, kuukuu kidogo, kutoka Malindi. Kanuni ya kwanza: hapitishi mtu waya hapa ila mimi. Wengine waombe kwa barua, nakala mbili.

Mteja wa kwanza ninaye. Galgalo wa chumba namba sita, juu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Fahali alimkanyaga mguu mnadani, sasa yuko ndani ya plasta na hashuki ngazi. Mama yake, Bi Muna, amekwenda kuhiji. Mwanamke aliyekuwa hajavuka Malindi, leo yuko Makka! Siku ya Arafa ni Ijumaa ya wiki ijayo, na televisheni ya huko Makka itaionyesha moja kwa moja. Galgalo hana ombi jingine duniani ila kukaa mbele ya televisheni yake siku hiyo aone pale mama yake aliposimama. Nimemwambia aniachie mimi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijisikia mtu mkubwa.

Jumatano, 17 Machi

Dishi limepanda. Waya umepita. Picha imekuja!

Ila si Makka. Ni mwanamke anakaanga vitunguu. Lugha yake haijulikani. Nilizungusha dishi kushoto: vitunguu. Kulia: giza. Juu kidogo: vitunguu, sasa vimeiva. Galgalo alitazama kwa adabu kama nusu saa, kisha akaniuliza polepole kama huyo mama naye yuko kwenye hija.

Sasa Miraji. Naandika jina hili kwa shida. Ni jirani wa nyumba ya pili, Mkipini mwenzangu, tumesoma chuo kimoja cha Kurani na viboko tumekula pamoja. Ana dishi kubwa kama paa la kibanda, na Makka anaipata safi, hata njiwa unawaona. Amekuja na tabasamu lake. Eti atamvutia Galgalo waya bure, kwa ajili ya Bi Muna, nifungue kimlango tu.

Nimemjibu kwamba utaratibu ni barua, nakala mbili. Akacheka. Nikamwambia na kicheko pia kiandikwe. Jibu zuri sana hilo. Nimelikumbuka mchana kutwa.

Ijumaa, 19 Machi

Siku mbaya. Fundi wa simu amekuja kumwekea Tuneya laini. Tuneya ni mama mmoja wa kijiji cha Wema mwenye duka la ndizi na mchele hapa chini, naye ameisubiri simu hiyo miaka miwili, tangu mafuriko. Fundi akataka kimlango. Nikamwomba barua. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamtajia cheo. Akamtazama Tuneya, Tuneya akatazama ndizi.

Fundi kasema atapita tena Jumatano. Akikuta kufuli, laini itakwenda kwa aliye nyuma kwenye foleni.

Tuneya hunita mwanangu siku zote, na kila asubuhi hunitengea ndizi mbili. Leo ameniita Bwana Keateka. Ndizi hakuna. Sikujua kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumwuma mtu mzima.

Jumamosi, 20 Machi

Nimepata dawa! Watu hawa hawakatai kanuni, wanakataa lugha yangu. Kanuni lazima iseme kwa maneno yao.

Nilipanda kwa Galgalo, nikamwuliza hivi hivi tu, kama mtu anayepitisha wakati: ng'ombe wanapotoka mbugani kwenda mtoni, na katikati kuna mashamba, hupita wapi? Akasema wanapita malka. Nikamwuliza kama kuna njia nyingine. Akasema hakuna, asiyepita malka hanywi maji. Nikashuka kwa Tuneya, ambaye ni Mpokomo na shamba lake liko kando ya mto huko Wema. Naye vilevile: malka. Akanionyesha kwa kidole juu ya meza, shamba hapa, shamba hapa, malka katikati.

Njia moja tu, na kila mtu hana budi kuipita! Kwetu Kipini tungeiita forodha. Nimenunua rangi nyekundu, nikaandika juu ya kimlango:

MALKA YA NYAYA. MWENYE MALKA: NABIL.

Matokeo sikuyategemea. Tuneya alisoma, akasoma tena, akaniletea ndizi nne. Galgalo alisomewa kwa sauti kutoka chini, akajikokota kwa magongo hadi kwenye kona ya ngazi ili anipe mkono. Alisema alinifikiria vibaya, anaomba radhi. Nimemwambia yamekwisha. Hata Miraji alisimama mbele ya maandishi muda mrefu, akanipiga bega, akaondoka anapiga mluzi.

Nimeshinda wote kwa neno moja. Wasomi wanahangaika bure.

Jumatatu, 22 Machi



Asubuhi Miraji kaja na waya begani, moja kwa moja hadi kwenye kimlango. Kakuta kufuli. Wala hakuniuliza mimi. Aliinua kichwa akamwita Galgalo. Galgalo akatokea juu ya ngazi, akaona kufuli, akapiga kelele, kwa Kiswahili chake cha mfugaji, ambayo labda ilifika hadi kijiji cha Chara.

"Malka hapana fungwa! Wewe mwenyewe naandika!"

Nikaeleza kwamba ndiyo, nimeandika, na mwenye malka ni mimi. Halafu Tuneya akaanza kucheka. Alicheka akakaa chini juu ya gunia la mchele. Galgalo naye akacheka hadi gongo moja likamponyoka na kuteremka ngazi zote.

Ndipo wakanifundisha, kwa zamu, kama mtoto wa chekechea. Mashamba yana wenyewe. Malka haina mwenyewe. Huachwa wazi katikati ya mashamba ili mfugo wa mtu yeyote ufike mtoni, na hata kama mmegombana, ng'ombe wake hawakugombana na wewe. Ng'ombe akiharibu mazao, mwenye ng'ombe analipa. Lakini kufunga, hapana. Na kuandika jina lako juu ya malka, Tuneya alisema, ni kama kuandika jina lako juu ya mvua.

Kumbe wote walidhani nimeitoa njia yangu kwa watu! Ndizi nne zilikuwa za hilo!

Ninavyowajua mimi, Galgalo na Tuneya hawajakubaliana hata siku moja. Galgalo anasema wakulima wamesogeza mashamba, Tuneya anasema ng'ombe hawana macho. Leo wameketi ngazi moja na kunitungia sheria, sauti moja. Kimlango hakifungwi. Kila waya upite, wa simu na wa picha. Kila waya ufungwe kitambaa cha rangi yake, kama ng'ombe anavyotiwa alama, ili usichanganywe na wa mwingine. Miraji bluu, mimi nyekundu, simu nyeupe. Atakayebomoa plasta ya ukuta ataikandika mwenyewe. Atakayegusa waya wa mwenzake atahukumiwa hapohapo kwenye ngazi.

Nimekata rufaa. Nimemwandikia Shangazi Nuriya, barua imeondoka na basi la mchana. Nyumba ni yake. Hataki mchezo, Shangazi.

Jumatano, 24 Machi

Shangazi amejibu nyuma ya barua yangu mwenyewe, kuokoa karatasi. Anasema kuta ni zake, lakini macho na masikio ya wapangaji si yake. Nifungue. Bi Muna alimuuguza yeye homa ya mwaka wa njaa, na kama Ijumaa mtoto wa Bi Muna hataiona Arafa kwa sababu yangu, nifungashe virago, binamu yangu Mukhtar atakuja kuwa keateka. Mwisho ameniuliza kama ninakula vizuri.

Nilikwenda kufungua, ufunguo ukakatikia ndani. Miraji akagonga kufuli kwa jiwe, mara moja tu, likaachia. Muuzaji aliniapia kwamba hilo hata jambazi hushindwa!

Fundi wa simu alifika saa tano, akapitisha waya wake, akafunga kitambaa cheupe bila kuniangalia. Simu inafanya kazi. Tuneya amempigia dada yake Hola na kumweleza habari zangu zote. Alipiga kelele kiasi kwamba simu yenyewe haikuhitajika. Alipomaliza akaniita mwanangu. Nilikuwa na kitu jichoni.

Alhamisi, 25 Machi

Waya wa Miraji umefika chumba namba sita. Makka inaonekana. Galgalo anamshukuru Miraji, anamwombea dua Miraji, anammiminia Miraji chai ya maziwa. Na nani alimwahidi kwanza? Nani alimpa mkono?

Sikukata kitu. Sikuiba kitu. Wakati wenzangu wamekwenda kuswali alasiri, na Galgalo anaswali ameketi, mgongo kwa televisheni, nilifungua kitambaa chekundu kwenye waya wangu, nikafungua cha bluu kwenye waya wa Miraji, nikavibadilisha, chini na juu. Basi. Makka ni ileile, ila kesho wageni watakapouliza, kitambaa kitasema imetoka kwa nani. Nani ameumia hapo?

Ijumaa, 26 Machi

Ya Rabi.

Baada ya sala ya Ijumaa chumba namba sita kilijaa hadi mlangoni. Galgalo amevaa kanzu, mguu wa plasta juu ya mto. Miraji alikuwa amekuja mapema kukagua, jenereta ya nyumba haijawashwa bado. Akaona waya wenye kitambaa chekundu kwenye televisheni. Akasema ah, kuna mtu kaweka wa Nabil kwa makosa. Akauchomoa, akachomeka wa bluu. Mimi niko pale. Nimeona.

Jenereta ikawashwa. Na mbele yetu, siku ya Arafa, mwanamke anakaanga vitunguu!

Miraji akakimbilia dishi lake. Dishi halina tatizo. Akarudi akasema waya mwekundu ndio unaomvuruga wake ndani ya bomba, dawa ni kuukata, Nabil atasamehe. Akashuka na koleo. Galgalo aliitazama ile sufuria ya vitunguu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika stendi akaona vumbi la basi.

Nilikaa na siri yangu hatua ngapi? Ngazi kumi na nne. Miraji alipofika ya mwisho nikapiga ukelele kwamba asikate, huo ni wake, vitambaa nimevibadilisha mimi. Nimesema mbele ya watu wote. Mbele ya imamu!

Waya ulirudishwa mahali pake. Makka ikaja. Watu wenye nguo nyeupe tupu mlima mzima, kama mchele uliomwagika. Galgalo akasogea hadi pua ikagusa kioo, akawa anatafuta. Miraji akamwambia ni watu zaidi ya milioni, ataona nini? Galgalo akanyoosha kidole. Yule pale! Yule anayetembea kama anafuata ndama! Miraji akanong'ona kwamba yule ni mwanamume. Tuneya, ambaye si Mwislamu na alikuja na ndizi zake, alimkanyaga Miraji mguu, akasema kwa sauti kwamba ndiye, ni Bi Muna kabisa, hata mwendo. Imamu naye akakubali. Nami nikaapa kwamba nimeziona ndara zake.

Galgalo akalia bila kujificha. Alisema mama anamuombea sasa hivi. Nami nililia. Miraji pia, ingawa anasema ni moshi wa jenereta.

Kisha hukumu. Galgalo alisema kubadilisha alama ya ng'ombe ni wizi wa ng'ombe, hakuna jina jingine. Faini: nikae karibu naye hadi Magharibi, nimshikie mguu wa plasta. Mguu ni mzito. Alikuwa ameniwekea mkono begani muda wote, na sikuomba autoe.

Jumapili, 28 Machi

Idd imepita vizuri. Shangazi amepiga kwa simu ya Tuneya kusema nibaki, maana kuna mtu alimweleza kwamba nilikiri kabla koleo halijafika. Nadhani ni Miraji. Nimekaa naye barazani leo, tumekumbushana viboko. Ni mtu mzuri, Miraji. Sijui nilimchukia nini.

Waya wangu nao haukosi mteja. Tuneya ameuomba dukani. Anasema yule mama wa vitunguu ana mkono mzuri.

Mimi ni mtu mwingine sasa. Nimejifunza. Vya watu ni vya watu, na njia haifungwi. Nimemwambia Galgalo hivyo hivyo, naye akafurahi, akanipa heshima ambayo sikuitarajia. Bi Muna anarudi wiki mbili zijazo. Garsen nzima itapanda kumsalimia Hajjati, na watu wa Ndera, na watu wa Wema, kila mmoja anataka dua na tone la zamzam. Galgalo ameniomba mimi, si mwingine, nisimame mlangoni niwakaribishe.

Mlangoni! Mimi!

Ngazi ni moja tu. Watu watakuwa mamia. Lazima pawe na utaratibu, la sivyo mama wa watu ataumia. Nimepitia sheria zetu usiku wa jana neno kwa neno. Zinasema nyaya. Hazikutaja watu. Kesho asubuhi naanza kukata kadi zenye namba, na kadi ya kwanza nimeshamwandikia Galgalo, ili naye apate kumwona mama yake kwa utaratibu.